PS4, PS5, Xbox au Switch? Uliza kwanza mwenye kiwanda anakula wapi

Mpwa wangu anakaa Lindi, mtaa wa Mikumbi. Msimu uliopita korosho za mama yake zililipwa vizuri, na kijana akapewa mtaji kidogo aanzie maisha. Bodaboda hataki. Anataka banda la gemu kama la mjomba wake. Akanipigia jioni moja nikiwa nafagia maganda ya karanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Fremu umepata?"

"Fremu tayari. Sasa mjomba, mashine ninunue ipi? Kuna jamaa ana PS5, bei imepoa kabisa, ila haina sehemu ya CD. Anasema CD zimepitwa na wakati."

Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka nimpigie tena. Nilipompigia, maelezo yakawa marefu, salio likaniishia mara mbili. Kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, nimeona bora niandike yote hapa.

Swali la "ipi kali" halimsaidii mtu mwenye mtaji mdogo. Zote zinacheza, zote zina picha nzuri kuliko ile tuliyokua nayo. Swali lililonisaidia mimi, hapa Magomeni, Mtwara, ni jingine: aliyeitengeneza hii mashine anapata faida yake wapi? Kwenye mashine yenyewe, kwenye gemu, kwenye malipo ya kila mwezi, au kwenye vikorokoro vya pembeni? Ukishajua anakula wapi, unajua na wewe utaliwa wapi na lini. Hapo ndipo unaweza kupima kama mfuko wako, umeme wako na bando lako vitahimili.

Kangomba ya konsoli

Mtu wa kusini hili halimpi tabu, kangomba tunaijua. Ni masika, ghalani hakuna kitu, mtoto karudishwa nyumbani kwa mchango wa shule, anatokea mtu na pesa mkononi. Siku ile anaonekana mwema kuliko ndugu yako wa damu. Oktoba anakuja na gunia lake, na bei ni ile mliyokubaliana ukiwa na njaa. Faida yake haikuwa kwenye siku ya kukupa pesa. Ilikuwa inasubiri msimu.

Konsoli, yaani mashine za gemu, nyingi zinauzwa kwa mtindo huo. PS3 (PlayStation 3 ya Sony) ilipotoka Novemba 2006, Marekani iliuzwa dola 499 kwa ile ya GB 20 na dola 599 kwa ya GB 60. Kampuni ya uchambuzi ya iSuppli iliifungua, ikahesabu kifaa kimoja kimoja, ikakadiria kuwa kuitengeneza ya GB 60 kunagharimu kama dola 840, na ya GB 20 kama dola 805. Yaani kila boksi lililotoka dukani liliiachia Sony shimo la zaidi ya dola 200, na shimo hilo lilitakiwa kufukiwa na gemu atakazonunua mteja miaka inayofuata. Kwa PS5 walijifunza: ilitoka Novemba 2020, na kufikia Agosti 2021 Sony ilisema ile ya dola 499 haiuzwi tena kwa hasara.

Microsoft, wenye Xbox, wao wamesema wazi zaidi. Mei 2021, kwenye kesi ya Epic, watengeneza gemu, dhidi ya Apple, Lori Wright wa Xbox alieleza mahakamani kwamba hawajawahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox. Mwaka uliofuata bosi wake, Phil Spencer, akasema kila konsoli wanaitilia ruzuku ya dola 100 hadi 200, wakitarajia kuirudisha kwenye vifaa vya pembeni na duka lao la mtandaoni. Ukinunua Xbox ukaiweka kabatini, umewala.

Nintendo, mwenye Switch, ana desturi nyingine. Tangu enzi za Gunpei Yokoi, aliyebuni mashine ya mkononi ya Game Boy ya 1989, wao hupenda kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha wakaifanyia ubunifu. Game Boy ilikuwa na kioo kisicho na rangi wakati wapinzani wake walishaweka rangi, na bado ikawashinda. Switch ya Machi 2017 iliwekewa chipu ya Nvidia ya familia iliyokuwa sokoni tangu 2015. Hivyo mashine yenyewe inaweza kuwapa faida tangu mwanzo. Wameteleza mara chache. Mwaka 2011 walilazimika kuishusha mashine yao ya mkononi ya 3DS kutoka dola 249 hadi 169 ndani ya miezi michache tu, na mkuu wao, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Lakini kwa kawaida Nintendo anataka mashine ijilipe yenyewe.

Hizi ndizo zinazogombaniwa huku. Bei ni ya Marekani siku zilipotoka, senti nimeziacha. Ya Kariakoo au Mtwara mjini iulize siku unayonunua, kwa sababu nauli, ushuru na cha juu cha muuzaji havitabiriki.

| Mashine | Bei ilipotoka | CD | Mwenye kiwanda anakula wapi |
|---|---|---|---|
| PS4 (2013) | dola 399 | inayo | gemu mpya, malipo ya kucheza mtandaoni |
| PS5 ya CD (2020) | dola 499 | inayo | gemu mpya, duka la mtandaoni |
| PS5 Digital (2020) | dola 399 | haina | duka la mtandaoni, kila gemu |
| Xbox Series S (2020) | dola 299 | haina | malipo ya mwezi, duka, kadi za kuongeza nafasi |
| Switch (2017) | dola 299 | kadi ndogo | mashine yenyewe, gemu zisizoshuka bei |

Kitundu cha CD

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa anakwenda kuumia.

Fuata pesa ya gemu moja. Gemu kubwa za PS5 zilianza kuuzwa dola 69.99. Ukiinunua kwa kuishusha kutoka duka la mtandaoni la mwenye konsoli, kawaida anabaki na asilimia 30, kama dola 21, na aliyeitengeneza gemu anachukua zilizobaki. Hakuna mwenye duka la mtaani, hakuna lori, hakuna boksi. Ukinunua CD mpya dukani, mwenye konsoli bado anapata ada yake kutoka kwa waliotengeneza gemu, ila ni ndogo, kwa sababu mwenye duka na msambazaji nao wanakula. Sasa chukua CD ileile, uliyokwisha kuimaliza, umuuzie jirani. Jirani akimaliza ampe binamu yake Masasi. Hapo mwenye konsoli hapati kitu, hata senti moja, na CD inaweza kuzunguka mikono kumi.

Ndiyo maana wenye viwanda wanakitazama kile kitundu kama mwenye shamba anavyoitazama njia ya panya. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza kwamba Xbox One ingewekewa masharti kwenye CD za mtumba na ingelazimika kuingia intaneti walau mara moja kila saa 24. Watu walikuja juu. Sony wakatoa video fupi ya utani ya kuonyesha jinsi ya kumpa rafiki gemu ya PS4: unamkabidhi mkononi, basi. Microsoft wakafuta mpango ule Juni ya mwaka huohuo, mashine haijafika hata dukani. PS4 ikatoka kwa dola 399, Xbox One kwa 499, na ninyi mnajua ni ipi iliyojaa mabandani.

Kilichoshindikana kwa amri kikaja kwa bei nafuu. PS5 Digital ilitoka dola 100 chini ya ndugu yake mwenye CD. Baadaye, PS5 nyembamba ya 2023 ilipokuja, kile kifaa cha CD kikawa kinauzwa peke yake kwa dola 79.99. Hebu piga hesabu: wewe unasamehewa dola 100 mara moja, yeye anapata uhakika kwamba kila gemu utakayonunua maisha yako yote itapita kwenye duka lake. Gemu tano tu za bei kamili na asilimia 30 yake imeshavuka ile mia. PS5 Pro ya Novemba 2024 ikaja kwa dola 699 bila kitundu kabisa. Ukikitaka, unakinunua.

Kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya waya na kadi ya benki, pengine ni biashara ya haki. Kwa mtu wa Lindi kuna mambo mawili. La kwanza ni uzito: gemu kubwa za siku hizi zinavuka GB 50, nyingine zinapita 100. Pima hilo kwa bando lako la wiki. CD ya PS5 inabeba hadi GB 100 zilizokwisha kulipiwa, na unachomeka tu. La pili, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, mtandao wa Sony wenye duka lake la gemu. Tunafungua akaunti ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, halafu tunatafuta kadi za vocha za nchi hiyohiyo kwa watu wanaoziuza na cha juu chao. Ukikosea nchi, kadi haiingii. Mimi niliwahi kukosea, haraka zangu mwenyewe, pesa ikabaki tarakimu tu kwenye kipande cha karatasi ambacho hadi leo nimekibandika ukutani kama fundisho.

Sasa njoo bandani kwangu Jumamosi. Rafu ya mbao, CD zimepangwa wima kama vitabu vya madrasa, nyingine zina alama ya kucha ya mtoto aliyezishika vibaya. Ikikwama naitoa, naifuta kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, naipulizia pumzi, inarudi kazini. Jamaa yangu wa Chuno ana banda lake. Wateja wake wakichoka gemu ya mieleka, tunabadilishana: anachukua yangu ya magari, mimi nachukua yake kwa mwezi. Kila tukibadilishana, tunapata gemu "mpya" mbili kwa nauli ya bajaji. Ile faida inayomvuja mwenye kiwanda ndiyo inayonilipia kodi ya fremu.

(Nisiwe mnafiki: masharti ya mashine hizi yanasema ni za matumizi binafsi. Mabanda yamejaa mwambao mzima na sijaona aliyebishiwa hodi, lakini usije ukasema mjomba hakukwambia.)

Kwa hiyo kwa banda, mashine isiyo na CD kwangu imeshatoka kwenye mashindano. Hata ikipoa bei.

Xbox Series S

Nitaipitia haraka. Mlangoni ndiyo rahisi kuliko zote mpya, ni ndogo kama kitabu kinene, na haibugii umeme: inapocheza iko chini ya wati 100 wakati PS5 inakaribia 200. Ukifungua saa kumi kwa siku, PS5 inakula yuniti mbili hivi za LUKU, hii haifiki hata moja. Hiyo si hela ndogo kwa mwezi.

Lakini faida ya Xbox imewekwa kwenye Game Pass. Ilianza Juni 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi, ghala zima la gemu mkononi. Wengi tuliona kama sadaka. Oktoba 2025 kifurushi cha Ultimate kikapandishwa kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mkupuo mmoja. Ukiacha kulipa, gemu zinafungwa, hubaki na chochote cha kuuza. Nafasi ya kuhifadhia ya ile ya 2020 ni GB 512, na zaidi ya robo imeliwa na mfumo wenyewe. Ukitaka kuongeza ili gemu za kizazi hiki zichezeke moja kwa moja, ni kadi maalumu, ambayo ya TB 1 ilipotoka iliuzwa dola 219. Mashine dola 299, kadi yake dola 219! Hapo ndipo Spencer aliposema ruzuku itarudi.

Nani aichukue? Mtu mmoja, mwenye mshahara, mwenye waifai ya nyumbani isiyo na kikomo, anayependa kuonjaonja gemu nyingi. Kuna watu wa namna hiyo Shangani. Banda, hapana.

Switch, na nyumba yenye watoto

Kwa banda la vijana Switch nayo inashindwa, kwa sababu moja ya kijinga lakini nzito: mpira. Kwa miaka minne, FIFA 20 hadi FIFA 23, Switch ilipewa toleo lililoitwa Legacy, majina na jezi mpya juu ya gemu ileile ya zamani. Imekuja kuwa nzuri zaidi tangu FC 24 (FIFA ilipobadili jina), ila vijana walishaweka nadhiri. Mteja wangu akiona mchezaji anakimbia kama kabeba ndoo ya maji kichwani, anaondoka.

Nyumbani ni hadithi nyingine kabisa. Switch ina betri yake. Mtwara tuna gesi ya Mnazi Bay inayosafirishwa hadi Dar es Salaam, na bado kuna jioni umeme unakata na mtu unabaki na kibatari. Jioni hiyo PS5 ni pambo. Switch unaichomoa kwenye kitako chake, watoto wanaendelea mkekani. Zile za kitako zilizoboreshwa kuanzia 2019 zinakaa kati ya saa nne na nusu na tisa, kutegemea gemu. Kumbukumbu inaongezwa kwa kadi ya kawaida ya microSD, ileile ya simu.

Faida ya Nintendo umeshailipa siku ya kununua, ndiyo maana hakusumbui sana baadaye. Lakini usitegemee punguzo. Gemu zake zenyewe hukaa karibu na bei ya mwanzo kwa miaka, na Agosti 2025 ile Switch ya 2017, mashine ya miaka minane, ilipandishwa bei Marekani kutoka dola 299 hadi 339. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba na wewe ukiiuza hupati hasara kubwa.

Switch 2 ya Juni 2025, iliyotoka kwa dola 449, nawaambia watu wawe macho na kitu kimoja. Baadhi ya kadi zake za gemu hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu, gemu yenyewe unaishusha kwa intaneti. Boksi linaandika. Soma boksi. Na kumbukumbu yake inataka microSD Express, si ile ya simu tena.

Imebaki PS4 ya mtumba na PS5 ya CD

Zamani ningemwambia mpwa wangu asubiri. Ndivyo biashara hii ilivyokuwa: mashine inatoka ghali, chipu zinazidi kuwa ndogo na rahisi kutengeneza, kiwanda kinatoa toleo jembamba, bei inashuka. PS2 ilianza dola 299 mwaka 2000 na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. Mwenye kiwanda alishusha bei kwa sababu kila mashine mpya sebuleni ilikuwa mteja mpya wa gemu. Aliyesubiri alishinda.

Safari hii kusubiri hakulipi. PS5 ya CD Marekani ilipanda kutoka dola 499 hadi 549 Agosti 2025, mwaka wa tano tangu itoke. Xbox Series S ilitoka 299, ikaenda 379 Mei 2025, ikaenda 399 Oktoba ya mwaka huohuo. Vifaa vimepanda, ushuru wa Marekani umepanda, na wenye viwanda wamegundua kwamba aliyekwisha kuwa na akaunti na gemu zake hahami. Huyo kumbana ni rahisi kuliko kumtafuta mpya. Ukiwa na pesa leo na mashine ni nzuri, nunua leo.

Ipi sasa? PS5 ya CD ina jambo moja ambalo watu hawalisemi vya kutosha: inacheza CD za PS4, karibu zote. Kwa hiyo rafu yako ya PS4 haifi siku ukipanda daraja. Nafasi ya kuhifadhia inaongezwa kwa SSD ya kawaida ya M.2 ya kampuni yoyote, mradi iwe na kasi inayotakiwa na kipoza joto. Gemu nyingi mpya kabisa zinatoka kwake, si kwa PS4.

PS4 nayo ina la kwake. Kwa pesa ya PS5 moja mara nyingi unapata PS4 mbili za mtumba zenye afya, wakati mwingine na pedi za ziada. Na banda halilipwi kwa ukali wa picha. Linalipwa kwa viti. TV mbili, mashine mbili, pedi nne, ni vijana wanne wanacheza na wanane wamesimama nyuma wakisubiri zamu na kubishana. Mpira upo: FC 26 ya Septemba 2025 bado imetoka kwa PS4. Hadi diski yake ni ya kawaida ya kompyuta mpakato, unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Na ile ada ya kucheza mtandaoni, PlayStation Plus, iliyofika dola 79.99 kwa mwaka mwaka 2023 hata kwa kifurushi cha chini, huihitaji. Wateja wako hawachezi na mtu wa Brazili. Wanacheza na aliyekaa pembeni yao, wamsikie akilia.

Hofu ya PS4 ni uzee. Niliwahi kufungua moja iliyoletwa kwangu ikivuma kama mashine ya kukoboa. Ndani, juu ya feni, kulikuwa na vumbi limeshikana na chumvi ya bahari mpaka likawa kama blanketi la mtoto, limelala pale kwa miaka. Nikalitoa kwa mswaki, nikafuta ile dawa ya joto iliyokauka juu ya chipu kama ulimbo, nikapaka nyingine. Ikanyamaza. Mwenyewe alikuwa anataka kuiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Uamuzi wangu kwa mpwa: PS4 mbili za mtumba, za CD, sasa hivi. PS5 moja ya CD msimu ujao wa korosho, kama daftari litaruhusu. Kwa nyumba yenye mtoto mmoja mkubwa anayependa gemu mpya, PS5 ya CD moja kwa moja. Watoto wadogo na umeme wa mashaka, Switch ile ya kwanza.

Pesa wanayoiacha huku

Nikiongea na hawa wakubwa wa Sony kule Tokyo, Nintendo kule Kyoto na Microsoft kule Redmond (hawanipigii, lakini nikiongea nao), ningewaambia wanahangaika kutafuta faida mahali pagumu. Sony walitoa gemu ya mtandaoni, Concord, Agosti 2024, wakaizima baada ya wiki mbili na kurudishia watu pesa. Microsoft wamelipa karibu dola bilioni 69 kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard mwaka 2023, na sasa gemu zao kama Forza Horizon 5 zinauzwa hadi kwenye PS5, kwa sababu Xbox peke yake haiwezi kurudisha hela zote hizo. Njia hii ya mwisho naiona ya busara. Gemu imeshatengenezwa, kuipeleka kwenye mashine ya jirani ni gharama ndogo na mauzo ni mapya.

Lakini huku kusini kuna pesa imelala. Mtu wa Mtwara halipi dola 80 kwa mwaka, ila analipa jero kila siku. Bando la siku, umeme wa buku mbili, sukari ya kupima. Wangeuza gemu ya siku tatu kwa bei ya shilingi, kwa M-Pesa au Mixx, wakaipeleka kwenye mabanda kwa leseni ndogo inayoeleweka, ningekuwa wa kwanza kulipa. Sasa hivi duka lao hata jina la nchi yangu halina, halafu wanalalamika CD za mtumba zinawanyima faida. CD za mtumba ndizo duka pekee walilotuachia.

Na kuhusu faida, mimi nimeijua ya kwangu kwa kuchelewa. Mwaka wa kwanza niliandika mapato yote kwenye mstari mmoja. Mke wangu akanunua daftari jingine, akatenga: mechi, maji baridi na juisi ya ukwaju, kuchaji simu, karanga. Mwisho wa mwezi mechi zilikuwa zimelipa kodi, umeme na pedi zilizovunjika, basi, zimeisha hapo. Kilichobaki mfukoni kilitoka kwenye friji. Kwa hiyo na mimi nauza mechi kwa bei ya kuvutia watu ili wapate kiu. Nilicheka peke yangu. Halafu nikapandisha maji.

Juzi mpwa kapiga tena. Kapata PS4 moja kwa fundi, anataka na nyingine. Nikamwambia achomeke CD yake mwenyewe mbele ya muuzaji, si ya muuzaji, acheze kipindi kizima, asikilize feni, ajaribu kila kitufe cha pedi zote mbili, na asome volti nyuma ya mashine kama imetoka Japani. Dakika kumi zinatosha.

"Nimekaa saa nzima, mjomba," akasema. "Nimemfunga fundi tatu bila. Kakasirika, kapunguza bei ili niondoke."